TAA NYEKUNDU HAINA MZAHA

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Gari nalo lina mawingu yake, yaani zile taa ndogo zinazowaka kwenye dashibodi, mbele ya dereva. Wengi wetu huziona tunapobahatika kupata kiti cha mbele katika matatu, lakini tukiulizwa maana yake tunabaki kukodoa macho tu. La kusikitisha ni kwamba hata madereva wengine hawazijui. Hebu leo tuzisome kama tulivyosoma a, e, i, o, u, kwa sababu sote ni abiria.

Mwalimu wangu katika mambo haya ni mjomba, fundi wa magari wa jua kali. Kila likizo mimi humsaidia kazi, nikimpa spana hii na ile. Somo la kwanza alilonipa lilikuwa la rangi. Taa ya kijani au buluu inatoa habari tu. Mathalani, buluu hukwambia kwamba taa kali za mbele zinawaka. Ya manjano inasema kuna kasoro, punguza mbio umwone fundi karibuni. Nyekundu inasema hatari, simama mahali salama. Michoro yenyewe imewekwa na Shirika la Kimataifa la Viwango katika kiwango kiitwacho ISO 2575. Ndiyo maana gari liwe limetoka Japani au Ujerumani, michoro yake hufanana.

Sasa tuzitazame nyekundu. Ya kwanza ina mchoro wa birika la oili linalodondosha tone. Watu wengi hudhani maana yake ni kwamba oili imepungua. Sivyo hasa. Taa hii huchunga msukumo wa oili ndani ya injini. Oili inaweza kuwa tele, lakini kama pampu haiisukumi, vyuma vitasuguana vikavu na injini itakwama katika muda wa dakika chache. Zima injini mara moja, subiri kidogo, kisha upime oili kwa kile kijiti chake. Ikiwa imepungua, ongeza. Ikiwa imejaa na taa bado inawaka, usiliwashe tena. Liburutwe hadi kwa fundi.

Ya pili ni kipimajoto kilichosimama katika mawimbi ya maji. Hiyo inasema gari limechemka. Simama, zima injini, ungoje nusu saa au zaidi. Tafadhali usifungue kifuniko cha radieta kukiwa moto! Hapa ndipo somo la fizikia linapotufaa. Nairobi iko juu sana, kwa hiyo maji katika sufuria isiyofunikwa huchemka yakifika nyuzi 94 au 95 hivi. Ndani ya radieta iliyofungwa, maji yamebanwa, kwa hivyo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua kifuniko, ule mbano unatoka, maji yanachemka papo hapo na kukurukia usoni.

Ya tatu ni betri. Hii nayo haisemi kwamba betri imekufa, bali kwamba haipati chaji kutoka kwa alteneta. Simama, funua boneti utazame mkanda. Katika magari mengi mkanda uo huo huzungusha pampu ya maji, kwa hiyo ukikatika, gari litachemka pia. Kama mkanda ni mzima na joto ni la kawaida, zima redio na vyote usivyohitaji, uende kwa fundi wa karibu bila kuzima injini njiani.

Ya nne ni duara lenye alama ya mshangao. Kwanza angalia kama handbreki imeachiliwa. Ikiwa imeachiliwa na taa bado inawaka, huenda mafuta ya breki yamepungua au yanavuja. Gari la namna hiyo halifai kuteremka hata kilima kidogo.

Katika zile za manjano, inayojulikana zaidi ni mchoro wa injini. Hiyo huwashwa na kompyuta ya gari. Fundi huchomeka mashine ndogo na kusoma nambari za hitilafu. Nchini Marekani, magari madogo yote yaliyouzwa kuanzia yale ya mwaka 1996 yalilazimika kuwa na tundu la aina moja kwa kazi hiyo. Ikiwaka kwa utulivu, unaweza kwenda polepole hadi gereji. Lakini ikimemeteka, petroli haiungui sawasawa na inaharibu kifaa cha kusafisha moshi. Punguza mwendo na usimame mapema. Ile yenye herufi ABS inasema breki za kawaida zipo, ila ule msaada wa kuzuia magurudumu yasikwame na kuteleza haupo.

Mwezi wa Aprili nilisafiri na mjomba katika matatu moja. Nikaona kipande cha utepe mweusi kwenye dashibodi.

"Dereva, hapo umefunika nini?" nikauliza.

"Ah, kijana, ni taa ya oili. Inanisumbua macho usiku."

"Bwana, oili umepima?" mjomba akadakia.

"Nimeongeza lita nzima jana!"

"Basi ndiyo mbaya zaidi. Kama oili iko na taa inawaka, huenda haisukumwi. Pengine ni swichi ya taa tu iliyoharibika, lakini utajuaje ukiwa barabarani?"

Dereva alinyamaza, kisha akaegesha kwenye steji iliyofuata. Makanga aliturudishia nusu ya nauli, shingo upande. Abiria wengine walimnung'unikia mjomba kwa kuwachelewesha. Yeye alicheka tu, akaniambia, "Mpwa wangu, afadhali watu walie na saa kuliko walie na jeneza."

Tena kuna ujanja wa kung'oa balbu ili mnunuzi asishuku kitu. Dawa yake ni rahisi. Swichi inapofunguliwa kabla injini haijanguruma, taa za hatari huwaka kwa pamoja, kisha huzimika injini ikishaanza kazi. Ile isiyowaka kabisa wakati huo si ya kushangilia. Huenda imeungua au imenyamazishwa. Ukimsindikiza baba au shangazi kununua gari kuukuu, mwambie aanzie hapo.

Ndugu zangu, hatuhitaji leseni ili kuzisoma taa hizi. Ukikaa kiti cha mbele ukaona nyekundu inawaka, mwambie dereva kwa adabu: "Samahani mzee, hiyo taa inawaka." Akikupuuza, shuka steji ya mbele na uwaambie wenzako kwa nini unashuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa barabarani hujengwa kwa damu. Kuziba taa kwa utepe si kuziba ufa.