Shuhuda Mia Si Ushahidi

Barua za wasomaji zinarudia swali moja: kama unga fulani wa mitishamba hautibu kisukari, mbona watu mia wamejitokeza kusema wamepona? Mia wote waseme uongo? La, hakuna haja ya mtu kusema uongo. Tatizo ni namna mia hao walivyopatikana.

Namna ya kupata watu hupotosha hata hesabu za kitaalamu. Tazama Kenya. Kwa miaka mingi, kiwango cha VVU kilikadiriwa kutokana na damu ya wajawazito waliohudhuria kliniki. Mwaka 2003 wapimaji walikwenda kwenye kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu nchi nzima, wakakuta asilimia 6.7 ya watu wa miaka 15 hadi 49 wana virusi, chini ya makadirio ya awali.

Hakuna aliyepika takwimu. Mwenye mimba ni mtu aliyejamiiana bila kondomu, na virusi navyo hupita humo humo. Vijiji vya mbali viliwakilishwa kidogo. Wanaume hawakuwamo kabisa, na mwaka huo walikutwa na asilimia 4.6, wanawake 8.7. Lakini utamu uko hapa: VVU hupunguza uwezo wa kushika mimba, kwa hiyo wanawake walioishi navyo muda mrefu walifika kliniki kwa uchache. Kasoro za kwanza zilivuta hesabu juu, hii ya mwisho ikaivuta chini. Ungeongeza wajawazito elfu kumi, kasoro zote zingebaki palepale. Kumbe watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hukadiria hali ya taifa zima kwa tofauti ya takriban pointi 3 za asilimia, juu au chini.

Muuza unga hana bahati nasibu. Anachagua mwenyewe nani ashike maikrofoni. Aliyezidiwa yuko wodini, aliyekufa hatoi ushuhuda, aliyeliwa pesa anaona haya. Na yule anayeendelea kumeza kimyakimya metformini, dawa ya kisukari ya hospitali, sifa za dawa hiyo zinakwenda kwa unga. Mwaka 2011 maelfu walifuata kikombe cha dawa ya mitishamba, kwa shilingi 500, kijijini Samunge, Loliondo, nchini Tanzania. Sifa zilienezwa na waliorudi, si na waliofia kwenye foleni.

Ukisikia shuhuda, uliza: nani aliwachagua? Walipimwa kabla na baada? Wamelinganishwa na nani? Wasiopona wako wapi? Na usiache dawa za hospitali.

Anayekataa kujibu maswali hayo manne anafanya biashara, si tiba.