Ukikataa ushuru, fuata pia kisu

Unakumbuka Juni 2024? Kama hukuwa barabarani, ulikuwa kwenye simu ukisambaza bango. Juni 26, Rais William Ruto akakataa kutia saini Mswada wa Fedha, na ushuru wa Sh346 bilioni ukaanguka. 

Siku tisa baadaye hesabu ikarudi: serikali ingepunguza matumizi kwa Sh177 bilioni, halafu ikope Sh169 bilioni. Jumlisha mwenyewe. Ni zile zile Sh346 bilioni!

Sasa jiulize, kisu cha bajeti hukata wapi? Cheki madaktari wanagenzi. Mkataba wa 2017 uliwapa takriban Sh206,000 kwa mwezi. Mwaka huo huo wa 2024 serikali ilisema haina doo, ikawaambia wachukue Sh70,000. Madaktari waligoma siku 56. Waliotakiwa kufunga mkanda kwanza ni vijana waliotoka chuoni juzi.

Shida yetu ni kwamba tunaamka Juni, Mswada wa Fedha ukishawaka mitandaoni. Lakini huo ni wa kutafuta pesa. Makadirio ya matumizi, yanayoonyesha nani atapewa na nani atanyimwa, sheria inataka yafike Bungeni kufikia Aprili 30.

Kwa hivyo mwaka ujao usingoje Juni. Aprili ikiisha, tafuta makadirio hayo, soma ukurasa wa HELB, wa hospitali, wa walimu. Kifungu cha 201 cha Katiba kinakupa nafasi ya kusema. Itumie mapema, kabla kisu hakijakufikia.