IA ni sawa na mbegu mpya: ijaribiwe, isifungwe



Siku hizi kila mtu anaongea juu ya akili bandia, ile tunaita tu IA. Wamoja wanasema serikali iweke sheria kali haraka. Wengine wanasema ituache tu. Mimi ni mtu wa agronomia, basi nitaeleza kwa mfano wa shamba.

Kuna programu ya simu inaitwa PlantVillage Nuru. Inaongea Kiswahili na inafanya kazi hata pasipo intaneti. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, inakuambia kama kuna ugonjwa. Huku kwetu, kwa barabara hizi tunazozijua, huo ni msaada mkubwa.

Lakini ugonjwa wa michirizi ya kahawia ni mjanja: majani yanaweza kuonekana karibu mazima, kumbe mihogo inaoza chini ya udongo. Simu ikisema "mzima", mama akakata miti ile akapanda tena, ugonjwa unaenda naye kwenye shamba jipya. Hasara hiyo nani atailipa? Na picha za shamba lake, ni za nani? Ndiyo maana sheria inahitajika.

Congo haianzi na mikono mitupu. Tarehe 13 Machi 2023 ilipata Code du numérique, inayogusa pia ulinzi wa habari za mtu binafsi. Lakini ndani yake IA haikupewa kitabu chake. Julai 2024, Umoja wa Afrika ulipitisha mkakati wa IA wa bara zima. Umoja wa Ulaya nao una sheria iliyoingia katika nguvu tarehe 1 Agosti 2024. Ile inapima hatari: matumizi fulani yanakatazwa, mengine yanachunguzwa kwa ukali, na yenye hatari ndogo yanaachwa karibu huru.

Kuiga yote hapana. Tukidai makaratasi na malipo makubwa kwa kila programu, kijana wa Kasongo ataacha kazi yake, kampuni kubwa za nje zitalipa na kuendelea. Tukiacha wazi kabisa, mkulima anakuwa shamba la majaribio bila kuulizwa.

Njia ya katikati tunaijua tayari. INERA inajaribu mbegu kwanza, SENASEM inazithibitisha, ndipo zinauzwa kwa mkulima. Hakuna anayesema SENASEM ni adui wa mbegu mpya. IA nayo inayogusa chakula, afya ao masomo ijaribiwe hapa, kwa lugha yetu na mimea yetu, na mwenye kuitoa ajulikane. Ile ya kuandika barua ao kupanga hesabu ya duka, iachwe itembee.

Basi deputé akija kuomba kura, tusimuulize barabara peke yake. Tumuulize pia: mashine ikimdanganya mkulima wa Kabambare, atashitaki wapi?