Kungwi wa Misuli

Mkata mkonge wa Kilosa ainuapo panga, na mchukuzi wa mizigo wa Mikumi ajitwikapo gunia, nguvu hutoka kwa protini iitwayo miyosini. Kila molekuli yake huushika uzi wa aktini, huuvuta, kisha huuachia. Hata hivyo, miyosini haizaliwi ikiwa tayari. Hutengenezwa ndani ya seli kama mnyororo mrefu, nayo haina budi kujikunja katika umbo lake maalumu. Kichwa chake kikikunjika vibaya, haivuti kitu.

Hapo ndipo zihitajikapo protini walezi, ambazo kazi yake yafanana na ya kungwi kwa mwali. Protini UNC-45, ikisaidiana na Hsp90, hukishikilia kichwa cha miyosini mpaka kitengemae, kisha huiacha iingie kazini.

Mwaka 1974, Epstein na Thomson walieleza habari za mnyoo mdogo mwenye hitilafu katika jeni ya mlezi huyo. Akikuzwa katika nyuzijoto 15 alitambaa karibu kama wenzake. Katika 25 alilegea. Mwaka 2020 ziliripotiwa hitilafu za jeni ya binadamu, UNC45B, kwa wagonjwa ambao misuli yao ilidhoofika tangu utotoni.

Dawa ya kurekebisha ukunjaji huo bado haipo. Lakini mtoto ashindwaye kuinuka sakafuni bila kujisukuma kwa mikono si mvivu, wala hakurogwa. Huenda misuli yake ina maradhi. Afikishwe kituoni mapema, apimwe, na kupumua kwake kufuatiliwe.