Damu Iliyotolewa Kabla ya Msiba

Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walivamia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi na kuua watu 67. Wapo waliotakiwa kuthibitisha dini yao kwanza, ndipo ijulikane kama wataishi au watakufa. Nje, Wakenya wa kila dini na kabila walipanga foleni ndefu kuchangia damu, wengi katika bustani ya Uhuru Park. Wapo waliosimama juani saa nyingi kwa ajili ya watu wasiowajua.

Ukiwahi kuchangia damu, unaujua ule mfuko mdogo unaolala kwenye mizani inayotikisika taratibu ili damu isigande, nawe ukifumba na kufumbua kiganja. Katika muda wa kama dakika 10 huwa umejaa mililita 450. Hubandikwa namba, kundi la damu na tarehe ya kuisha muda. Jina halipo, dini haipo, wala kabila. Mgonjwa atakayetundikiwa mfuko huo hatamjua aliyempa, na aliyempa hatajua ulimwendea nani. Kwangu mimi hilo ndilo jibu zito kuliko yote kwa mtu aliyesimama na bunduki akibagua nani afe.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Damu iliyotolewa leo haimwingii majeruhi papo hapo. Lazima kwanza ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, kisha ilinganishwe na ya mgonjwa. Anayevuja damu kwa risasi hana saa hizo za kusubiri. Damu inayomwahi ni ile iliyokwisha kuwemo kwenye jokofu, iliyotolewa wiki kadhaa nyuma na mtu ambaye hakuwa na habari ya msiba wowote.

Wakenya walilijua hilo kwa uchungu tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa jijini Nairobi na kuua zaidi ya watu 200, siku ileile watu 11 walipouawa katika shambulio kama hilo Dar es Salaam. Wakati huo hospitali zilitegemea zaidi ndugu wa mgonjwa watoe damu. Mkasa ule ndio uliosukuma Kenya kuanzisha huduma ya taifa ya damu salama.

Tena damu haiwekwi akiba kama mahindi ghalani. Chembe nyekundu hudumu siku 35 hadi 42 kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 6. Chembe sahani, zinazogandisha damu, kwa kawaida hudumu siku 5 tu. Umati ukichangia siku moja kisha usirudi, baada ya wiki chache majokofu huwa matupu, na hapo ndipo anapoletwa mama aliyetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, au mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria kali. Nao ni majeruhi, ingawa hakuna redio itakayowatangaza.

Kama una afya njema, umri kati ya miaka 18 na 65, na uzito usiopungua kilo 50, nenda kituo cha damu kilicho karibu nawe wiki hii, kukiwa kimya. Mwanamume anaweza kurudi baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Nawe uliyepanga foleni siku ya msiba, tafadhali rudi.