Uzuri wa Mwanamke: Je, Hutoka Katika Kopo?

Katika nyumba nyingi jambo hili huanza kidogo kidogo, siku chache kabla ya arusi. Binti amekwisha kuposwa, mahari imekwisha kuzungumzwa, na nguo zimeshonwa. Ndipo shangazi aliyekuja kusaidia humwambia kwa upole, "Mwanangu, sura yako si mbaya, lakini ukijipaka hii kidogo utatakata zaidi." Kopo dogo hutolewa katika kikapu. Pengine halina jina la mtengenezaji, au lina jina lisilosomeka. Majuma yakipita uso hutakata kweli, watu husifu, na hakuna aulizaye ni kitu gani kilichotiwa katika kopo lile.

Mara nyingi kilichotiwa ni zebaki, ile madini ya majimaji, yenye rangi ya fedha, iliyokuwa ikionekana katika vipimajoto vya hospitali. Chumvi zake huchanganywa na mafuta au sabuni. Zikipakwa huzuia ngozi isifanye rangi yake ya asili, na kwa sababu hiyo mtu huonekana mweupe. Lakini zebaki haikai juu ya ngozi kama poda. Hupenya, huingia katika damu, na kukusanyika katika figo, ambazo kazi yake ni kuchuja damu. Figo zikiharibika, uso na miguu huvimba na mkojo hutoka na povu.

Habari hizi zilijulikana katika Kenya zamani. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika habari za wagonjwa 60, watu wazima, waliolazwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta kwa ugonjwa wa figo wa namna hiyo. Walipoulizwa, 32 kati yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi. Lakini miongoni mwa wagonjwa wengine wa wodi za hospitali ile, waliotumia krimu hizo walikuwa kama 11 tu katika kila 100. Krimu zenyewe zilikuwa na zebaki. Wako walioacha kujipaka wakapata nafuu, na wako ambao hawakupata.

Krimu nyingine zina dawa iitwayo haidrokwinoni, ambayo nayo ina hila yake. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika ya Kusini walieleza jinsi wanawake walioitumia kwa miaka walivyotokwa na mabaka meusi yenye rangi ya buluu mashavuni, yaani weusi mkubwa kuliko ule waliotaka kuukimbia. Mabaka hayo ni vigumu mno kuondoka. Nchi ile ilikataza dawa hiyo katika vipodozi mwaka 1990. Na katika mikutano ya Mapatano ya Minamata, mataifa yaliafikiana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyenye zebaki, hata kidogo, vikomeshwe kufikia mwaka 2025. Hata hivyo marufuku ni jambo moja, na kikapu cha mchuuzi ni jambo jingine.

Ni rahisi kumcheka mwanamke ajichubuaye, na wengi humcheka. Lakini yafaa kwanza kuuliza ni nani aliyemfundisha kuichukia ngozi yake. Katika miaka ya 1950 na 1960 magazeti na majarida yaliyosomwa na Waafrika yalijaa matangazo ya krimu za namna hii, yenye picha za wanawake wanaocheka na ahadi ya kazi nzuri na mume mzuri. Ilikuwa zamani za ubaguzi, ambapo rangi ya mtu iliamua mlango atakaoingilia na mshahara atakaopata. Basi tangazo halikuwa na haja ya kueleza mengi. Mwanamume naye, atakaye mke "mweupe weupe" na kulisema hadharani, amelinunua nusu ya kopo lile. Hata mimbarini husikika neno hili: dhambi huitwa nyeusi, na moyo uliotakaswa huitwa mweupe. Mhubiri hana nia mbaya, lakini msichana aketiye katika kiti cha nyuma husikia zaidi ya lile lililokusudiwa.

Kwa Wakristo, maneno yatajwayo zaidi katika jambo hili ni yale ya Waraka wa Kwanza wa Petro, mlango wa 3, ambapo Mtume awaambia wanawake kwamba pambo lao lisiwe la nje, la kusuka nywele na dhahabu na mavazi, bali liwe la moyoni, yaani roho ya upole na utulivu. Maneno haya yametumiwa mara nyingi kama fimbo. Wako wazee wa kanisa waliowafukuza wasichana kwa ajili ya misuko. Lakini tazama vema: Mtume amezitaja nguo pamoja na nywele na dhahabu. Kama angekuwa amekataza kusuka kabisa, angekuwa amekataza na kuvaa nguo, jambo ambalo hakuna mzee wa kanisa awezaye kulihubiri! Alilosema ni kwamba thamani ya mtu isikae katika vitu hivyo. Wanawake matajiri wa Rumi walijengewa nywele ndefu juu ya kichwa kama kichuguu, na nyuso zao walizipaka unga mweupe wa risasi, ambayo ni sumu kama zebaki. Jambo hili, basi, si geni wala si la Waafrika peke yao.

Tena neno la Kiyunani alilotumia Petro kwa huo upole ndilo lililo katika Injili ya Mathayo, mlango wa 11, Bwana Yesu ajitajapo kuwa mpole. Si woga wala unyonge wa mtu aliyezoea kukemewa, wala si sifa ya wanawake tu. Vivyo hivyo, Samweli alipoambiwa kwamba Mungu hutazama moyo, wala hatazami sura, aliyekuwa amesimama mbele yake ni Eliabu, kijana mrefu wa kiume. Ajabu ni kwamba somo hilo husomewa akina mama zaidi. Na Daudi aliyechaguliwa baadaye amesifiwa mle mle kwa uzuri wa macho yake. Maana yake Maandiko hayauchukii uzuri.

Kuna na yule mwanamke wa Wimbo Ulio Bora, ajisifuye mwanzoni kabisa kwamba yu mweusi tena yu mzuri. Katika Kiebrania kiungo kilicho kati ya maneno hayo mawili chaweza kufasiriwa "na," chaweza pia kufasiriwa "lakini." Wafasiri wa kale wa Kiyunani walichagua "na", Biblia ya Kilatini ikachagua "lakini," na wengi wakaifuata. Ni neno dogo, ila mabinti wengi wamekua chini ya hilo "lakini," kama binti yule wa arusi, aliyeambiwa kwamba sura yake si mbaya, lakini.

Njia ya nguvu nayo imejaribiwa. Oktoba 1968 vijana wa chama cha TANU katika Tanzania walitangaza Operesheni Vijana, ya kukomesha nguo fupi, nywele za bandia na krimu za kujichubua, kuanzia mwaka mpya wa 1969. Kabla ya siku kufika, makundi ya wanaume yalianza kuwavamia wanawake huko Kariakoo, Dar es Salaam, na kuwararulia nguo. Hapo hakuna mwanamke aliyefundishwa kujiheshimu. Alifundishwa kuwa mwili wake ni mali ya wengine, ambalo ndilo fundisho lile lile la tangazo la krimu.

Mwanamke aliye na kopo nyumbani na atazame maandishi yake. Zebaki huandikwa kwa majina mengi, kama vile "calomel" au "mercuric iodide". Na makopo mengine yana onyo kwamba krimu isiguse fedha, dhahabu wala vyombo vya alumini, kwani itaviharibu. Pasipo na maandishi yoyote, hiyo nayo ni sababu ya kutosha ya kukiweka mbali. Mwenye mimba na anyonyeshaye wana hatari zaidi, kwa kuwa sumu humfikia mtoto. Hata taulo la pamoja laweza kuipeleka kwa watu wengine wa nyumba. Akiona uso au miguu imevimba, aende hospitali bila kuona haya, na kopo alichukue, hata kama limebaki tupu, ili daktari ajue aanzie wapi.