USUKANI UNAKUWA MGUMU GARI LIKIENDA POLEPOLE. KWA NINI?

Siku hizi hapa kwetu Igwachanya magari ya familia yameongezeka. Ni hasa hizi RAV4 na Prado zilizokwisha kutumika Japani, zikaletwa kwa meli mpaka Dar es Salaam. Mwenye gari ni mmoja, lakini wanaopanda ni wengi. Yuko mama mjamzito anayepelekwa hospitali Ilembula. Yuko mzee anayekwenda Njombe mjini. Kuna na magunia ya viazi ya kwenda Makambako. Kwa hiyo habari za usukani si za dereva peke yake.

Upo ubovu mmoja unaowadanganya watu. Kwenye lami gari likiwa na mwendo, usukani ni mwepesi. Dereva anasema, "Gari zima hili!" Akifika sokoni, akitaka kukata kona taratibu katikati ya watu, usukani unagoma. Anauvuta kwa mikono miwili kama mtu anayeng'oa kisiki. Hebu fikiri, mtoto akikatiza mbele yake wakati huo, atamkwepaje?

Kwanza tuelewe kwa nini ugumu unaonekana gari likienda polepole. Chukua baiskeli yenye mzigo. Ikiwa imesimama, kugeuza gurudumu la mbele ni kazi, kwa sababu mpira unasuguana na ardhi palepale. Baiskeli ikianza kutembea, gurudumu linageuka bila taabu. Kila mara sehemu nyingine ya mpira inagusa ardhi, basi haisuguani pale pale. Gari nalo ni hivyo hivyo, ila uzito wake ni wa tani moja na nusu au mbili.

Land Rover nyingi za zamani hazikuwa na msaada wowote. Dereva alitegemea mabega yake na usukani mkubwa. Mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kuuza magari ya abiria ambayo injini yenyewe inamsaidia dereva kugeuza magurudumu. Msaada huo mafundi wetu wanauita pawa stelingi. Msaada ukipungua, mwendo wa kasi unauficha upungufu. Mwendo wa polepole unaufichua.

Pawa stelingi ziko za aina mbili. Ya kwanza inatumia mafuta. Chini ya boneti kuna kikopo cha mafuta na pampu. Pampu inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini. Inasukuma mafuta kwa nguvu kupitia mipira mpaka kwenye mtambo wa usukani, na mafuta hayo ndiyo yanayosukuma magurudumu kushoto au kulia. Injini ikiunguruma taratibu, pampu nayo inazunguka taratibu. Kama imechakaa, au mkanda umelegea, nguvu haitoshi. Ukikanyaga mafuta kidogo usukani unalainika. Hiyo ni dalili nzuri ya kumwambia fundi.

Wewe mwenyewe unaweza kutazama mambo kadhaa kabla ya kutoa hela. Kikopo kina mistari miwili, wa juu na wa chini. Mafuta yawe katikati ya mistari hiyo. Yakiwa chini, yamevuja mahali. Tazama ardhini gari lilipolala. Mafuta ya usukani katika magari mengi ya Toyota ni mekundu, hayafanani na oili ya injini. Kujaza tu kila wiki bila kuziba panapovuja ni kumwaga hela. Mafuta yakiwa na povu, hewa imeingia. Ukisikia mlio wa kulalamika unapokata kona, pampu inakosa mafuta. Mlio mkali kama wa filimbi mara nyingi ni mkanda unaoteleza.

Angalia sana usitie mafuta ya breki kwenye kikopo hicho. Wako wanaofanya hivyo kwa kuona yote ni mafuta. Mafuta ya breki yanaharibu mipira ya ndani, na hapo hasara inakuwa kubwa kuliko ya mwanzo.

Asubuhi za mwezi wa Juni na Julai, baridi ya huku Njombe inafanya mafuta yawe mazito. Usukani ukiwa mzito dakika chache za mwanzo halafu ukalainika, hilo si la kukutisha. Usipolainika, nenda gereji.

Aina ya pili inatumia umeme. RAV4 zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2005 ni za namna hii. Hazina mafuta ya usukani, zina mota. Betri ikichoka, mota inakosa nguvu. Taa yenye picha ya usukani ikiwaka mbele ya dereva, usiizibe kwa plasta kama wengine wanavyofanya! Pima betri kwanza.

Tena kuna jambo rahisi linalosahauliwa, nalo ni upepo. Tairi lenye upepo mdogo linalalia ardhi, na usukani unakuwa mzito hata kama pampu ni mpya. Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo yake kuna kibandiko. Maneno ni ya Kijapani, lakini namba unazisoma. Ikiandikwa 220, ni sawa na 32 kwenye kipimo cha pauni cha mjaza upepo. Pima matairi yakiwa ya baridi. Wanaofunga matairi mapana kwa ajili ya urembo nao wanauongezea usukani mzigo.

Kama upepo, mafuta na mkanda viko sawa, fundi akague viungo vya chini na mhimili wa usukani. Vumbi na kutu vinavikausha.

Jambo la mwisho ni la hatari zaidi. Wako madereva wanaozima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Injini ikizimwa, pampu haizunguki. Usukani unakuwa mgumu ghafla, na breki baada ya kukanyagwa mara chache nayo inakuwa ngumu. Akichomoa ufunguo, usukani unaweza kujifunga kabisa, gari likiwa bado linashuka.